Kiingilio cha Nyumba ya Eda

Dalali mwanamume haingii nyumba yenye mjane aliyekaa eda. Hilo ndilo lililonilisha miaka yangu yote ya udalali hapa Mji wa Kale wa Mombasa. Wenzangu wanaume wana pikipiki, wana simu mbili mbili, wana binamu katika kila ofisi. Lakini mume akifa, mkewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonwi na mwanamume wa kando, na warithi kwa kawaida hawana subira ya miezi minne. Hapo huniita mimi. Huvaa buibui, huingia na pole mdomoni, hutoka nikijua boriti ngapi zimeoza.

Kuhesabu nilijifunza Marikiti, nilipokuwa nikiuza ndimu. Ndimu huhesabiwa tano tano kiganjani, na mwenye haraka huondoka na ishirini na tatu akidhani ana ishirini na tano. Tangu siku hizo nahesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili yangu.

Mgeni ninayemkumbuka alikuwa mwanamke wa miaka sitini na nne, mwalimu aliyestaafu huko kwao kwenye baridi, akitaka nyumba ya kupumzikia ugenini wakati kwao kuna theluji. Hakuwa tajiri wa kutisha. Alikuwa na daftari. Kurasa tatu, Unguja, Lamu na Mombasa, kila ukurasa umepigwa mistari: upepo alama ngapi, maji alama ngapi, kelele, uwanja wa ndege, uaminifu wa watu. Lamu ilikwisha kufa mapema kwa sababu ya punda. Unguja ilikuwa inatuongoza kwa alama sita. Nilizihesabu juu ya bega lake, kisha nikazihesabu tena alipokwenda msalani.

Udhaifu wa Unguja ulikuwa mmoja tu. Muuza maji fulani hakumrudishia chenji, naye akakipa kisiwa kizima alama mbili za uaminifu.

Nilimwonyesha nyumba mbili. Ya kwanza ilinuka soko la samaki mpaka kwenye mito ya kitanda. Ya pili ilikuwa na warithi kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuja kuionyesha. Alifunga daftari akaanza kuniuliza habari za ndege za kwenda Unguja. Ndipo nikaitwa Makadara, kwa kijana mmoja muuza magodoro. Kijana namwita kwa heshima. Alikuwa na mvi.

"Babangu ana wiki tano tangu afariki," akasema, amekaa juu ya rundo la magodoro kama sultani. "Ile nyumba sina haja nayo. Lakini ndani yumo yule mfanyakazi, na yuko eda."

"Mfanyakazi gani huyo akaaye eda?"

"Mke wa baba."

Mwanamke yule alitoka upande wa Kwale akaja kufua na kufagia, wakati mama wa huyu muuza magodoro alipokuwa mgonjwa. Mgonjwa akafa, mzee akamuoa mfuaji. Wakakaa miaka ishirini bila mtoto. Dini inampa mjane wa namna hiyo thumuni, sehemu moja katika nane, na zilizobaki ni za mwana. Mwana alijua. Mimi nilijua. Mjane mwenyewe hakuuliza, na hapakuwa na aliyejitolea kumjibu.

Nilikwenda na mgeni wangu siku ya pili. Nilimweleza kwamba ndani yumo mama mtulivu ambaye hatoki nje, na hapo sikusema uongo. Ngazi zilikuwa na vipandio kumi na tisa. Juu, kwenye chumba chenye madirisha marefu, mjane alikuwa amekaa juu ya kitanda, amejifunga leso nyeupe.

"Pole kwa msiba, bibi. Mola akupe subira."

"Amin, dada. Mola atupe sote."

Nikamshika mkono na ndani ya kiganja nikamwachia noti iliyokunjwa, kama ada ya ubani ilivyo. Mgeni akaona. Akafungua pochi yake, akatoa noti kubwa kuliko yangu, akamshika mkono vile vile, akamwachia.

Mjane akaangua kilio. "Huyu naye nani?"

Marehemu alikuwa fundi wa kofia. Nikasema, "Mumeo alimshonea mumewe kofia."

"Ulaya! Kofia zake zafika Ulaya, na mimi sijui!" Akainua mikono akamuombea mgeni, akawaombea wazazi wa mgeni, akashuka mpaka kwa mababu. Mgeni alisimama kimya na mikono nyuma, kama watu wanavyosimama ngomeni mbele ya mizinga.

"Nyumba hini," mjane akaniambia tulipoaga, akifuta macho, "sina dua nyingine ila nifie humu. Kwetu hakuna tena aliyebaki wa kunifungulia mlango."

Kichochoroni mgeni akatoa daftari. "Kile kiingilio," akauliza, "ni bei moja kila mara?"

"Ni vile roho itakavyokutuma," nikamjibu. Akaandika.

Roho ilimtuma mara mbili zaidi. Safari ya pili alitaka kujua nyumba inaishije, nami nikawa mkalimani.

"Mwambie," mjane akasema, "marehemu alikuwa akikaa dirisha lile kila asubuhi akishona, kwa sababu ya mwangaza. Macho yalikuwa yamemchoka."

Nikageuka. "Anasema dirisha lile lina mwangaza mzuri asubuhi."

"Alinifia hapa hapa. Aliomba maji. Nilipopanda na bilauri alikuwa ameshakwenda."

"Anasema maji yanapanda mpaka huku juu."

Mgeni aliyapa maji alama nne. Mjane alipomwona anaandika alifurahi, akaniuliza kama yale maneno yatasomwa huko kwao. Nikamwambia yatasomwa.

Safari ya tatu alikuja na futi ya kupimia. Alipima madirisha saba ya juu, akapima sakafu, akazunguka kitanda, mwishowe akaivuta futi ikapita juu ya magoti ya mjane, naye kwa adabu akayakunja.

"Yuwapima nini, dada? Sanda yangu?"

"Mapazia, bibi. Yuwataka kukuletea mapazia, sadaka ya marehemu."

Akaangalia yale madirisha moja moja. "Basi mwambie yasiwe meupe. Weupe nimechoka nao. Mwambie buluu."

Nilimwambia mgeni kwamba mama anashauri buluu. Akasema mama ana jicho.

Tulikwenda ufukweni Mama Ngina jioni ile, tukala mihogo ya pilipili, yeye akijumlisha. Unguja ilikuwa bado mbele kwa alama moja. Nilijumlisha naye, nikarudia. Moja ilikuwa moja. Akafuta mdomo, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nyumba ya Unguja ni nzuri, lakini ni tupu. Nitakaa humo wiki sita kwa mwaka. Nani atafungua madirisha siku nyingine? Yule mama wako... anakuja pamoja na nyumba?"

Nilitafuna muhogo wangu mpaka ukaisha.

"Anaweza kuja," nikasema.

Akaongeza mstari mpya chini ya ukurasa wa Mombasa, akautia alama mbili. Tukaishinda Unguja kwa moja.

Muuza magodoro aliposikia habari hiyo aliteremka kwenye rundo lake. Akapanga papo hapo: mjane abaki, akae chumba cha chini, kile cha mlangoni kilichokuwa stoo, afagie, afungue madirisha, mshahara atoe mgeni. Hapo thumuni itakuwa imemfikia bila ya mtu kuikata.

"Na mimi nitamuongezea godoro," akasema, mkono kifuani. "La inchi nne."

"Mtu amemuosha babako miaka ishirini, wampa inchi nne?"

"Tano."

"Sita."

"Mwanamke, wataka kunifunga duka!"

"Sita, na kava lake."

Alinipa sita na kava. Nilitoka Makadara nikijiona mtetezi wa wajane.

Mgeni naye alikuwa na wasiwasi wake. Sheria haimpi mtu wa nje ardhi ya milele, humpa miaka tisini na tisa, akaniuliza kama nadhani itatosha. Nikamwambia kwa umri wake atarudishiwa chenji. Alicheka sana. Wateja wa namna hiyo ni wachache.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Nilipanda peke yangu na karatasi ya makubaliano. Nilimweleza yote polepole, nikianza na godoro. Alisikiliza akinyoosha ncha ya leso.

"Ndiye yule wa mapazia?"

"Ndiye."

"Kumbe alikuja kwa nyumba."

"Alikuja kwa nyumba, bibi."

Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Nilipoingia humu mara ya kwanza nilikuwa nafagia, nalipwa. Nikaolewa, nikafagia bure. Sasa narudi kulipwa. Nimepanda cheo." Akanitazama. "Nikikataa?"

"Utadai thumuni yako. Mwana atauza kwa mwengine, utapewa pesa, utatafuta chumba."

"Wapi?"

Sikuwa na pa kumtajia. Nilikuwa na wino.

"Nilisema nataka kufia humu," akasema. "Sikusema dari gani. Leta." Nilimshika kidole gumba mimi mwenyewe, kisikose mstari. Alipokuwa akikifuta wino kwenye leso akasema, kama anayejibishana na mtu mwingine, "Lakini ubani alitoa. Mara tatu. Mtu aweza kuwa mnunuzi na akawa na huruma. Au sivyo?"

"Alitoa," nikasema.

"Basi. Zile noti sitazila. Nimezitia koponi, zitasomesha hitima ya marehemu."

Eda ilihesabiwa na kila mmoja kwa njia yake. Mimi nilitumia kalenda ya ukutani, muuza magodoro akatumia mwezi wa mbinguni, tukapishana siku tatu. Dini ilikuwa upande wake, jambo linaloudhi. Asubuhi ileile ya siku yake, mjane alikoga josho la kutokea eda, akavaa nguo ya rangi, na kabla ya adhuhuri mkokoteni ulikuwa mlangoni na godoro. Nililipima. Inchi tano na nusu.

Mgeni alirudi wiki tatu baadaye na masanduku mawili. Nilimleta mimi, maana nilibakiza kwake kipande cha ujira wangu. Mjane alitufungulia, ufunguo umemning'inia shingoni. Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili huko kwao. Alikuwa ameandaa sentensi, na midomo yake ilikuwa ikiifanyia mazoezi tangu kichochoroni. Akasimama kizingitini, akafungua mikono.

"Mama! Leo mimi silipi kiingilio!" Akacheka, akamkumbatia.

Mjane alinitazama juu ya bega lake.

"Kiingilio gani?"

"Kiswahili chake bado kichanga," nikasema.

"Kichanga, lakini chatembea."

Hakuuliza tena. Tulipanda. Sanduku la pili lilikuwa limejaa mapazia ya buluu, buluu hasa aliyoitaka, yamefungwa kwenye karatasi laini. Mjane alipanda juu ya kigoda akayatundika, mimi nikimshikia kigoda, mgeni akiturekebishia mikunjo. Yalikuwa saba. Nyumba ina madirisha manane, la nane ni lile dogo la chumba cha chini. Nilihesabu tena, sikusema.

La mwisho lilipokaa sawa, mjane aliteremka chini. Vipandio kumi na tisa, kisha kimya, kisha vipandio kumi na tisa. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na noti tatu kubwa, zimekunjwa vilevile zilivyotoka kwenye kile kiganja. Noti zangu hazikuwamo; mimi alinifahamu mapema, nadhani, na zangu alikuwa ameshazila.

Akanipa mimi, si yeye. "Mrudishie. Mwambie maiti wangu hatazamwi kwa tiketi."

Mgeni alitutazama, mara huyu, mara yule, akitabasamu. "Anasemaje?"

Nilikuwa na kipande changu hakijalipwa.

"Anakurudishia kiingilio chako," nikasema. "Anasema sasa wewe ni wa nyumbani."

Macho ya mgeni yalilowa. Akazipokea noti, akazinyoosha, akazihesabu, akazitia pochini. "Unaona?" akaniambia kwa lugha yake. "Ndiyo maana sikununua Unguja. Watu wa hapa ni waaminifu."

"Amesema nini?" mjane akauliza.

"Amesema pole kwa msiba."

Mjane alimtazama mgeni, kisha mimi.

"Mwambie nishapoa," akasema, akainama kuokota karatasi za mapazia.