Kikohozi cha Anton

Consolatha wa Ipuli, Tabora, hakuwahi kungoja kuombwa. Msiba ukitokea, wenzake wakiwa bado wanatafuta khanga za kuvaa, yeye alikwisha kufika na sufuria kubwa kichwani, anauliza kuni ziko wapi. Mgonjwa akilazwa, uji wake wa karanga uliingia wodini kabla ya ndugu. Katika Jumuiya ya Mtakatifu Monika, upendo ulipotajwa, watu walimgeukia yeye wakatabasamu, naye akainamisha macho kwa unyenyekevu ambao, tuseme kweli, haukukosa chembe ya majivuno. Mikono yake ilikuwa myepesi sana. Masikio ndiyo yaliyochelewa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Koleta, Mgogo wa Bahi, aliyeletwa Tabora na mumewe Anton, fundi wa njia ya reli. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokatiza Ugogo na mizigo yao wakalipishwa hongo ndipo waruhusiwe kuteka maji. Ugomvi ule wa kale umebaki kuwa mzaha. Miaka nenda miaka rudi, Consolatha, Mnyamwezi wa kuzaliwa, akienda kuchota maji kwenye bomba la Koleta, alipaza sauti tangu mlangoni mwa ua: "Wagogo! Hongo ya maji leo sitoi!" Koleta, akichambua mlenda wake, hakuinua hata kichwa. "Tua mzigo kwanza, mpagazi." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na siku ilikuwa haijaanza mpaka iwe imetolewa.

Kisha Anton akafariki, baada ya kuugua kifua muda mrefu.

Msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wakilia, yeye anachekesha. Hudai nguo za marehemu, hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Utani hauna kesi. Consolatha aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi zote, kwa nguvu zake zote. Watu waliporudi kutoka makaburini wakakaa uani kula, alitoka nyuma ya nyumba amevaa koti la reli la Anton, kofia imemfunika nyusi, mkongojo mkononi. Akasimama. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi chenyewe hasa, kile kirefu kilichoanzia tumboni, ambacho mtaa mzima ulikijua. Watu walicheka hadi sahani zikawaponyoka. Hata wanaume waliobeba jeneza walicheka huku wanajifuta machozi. Koleta, aliyekuwa amejiinamia mkekani, aliinua kichwa ghafla, akageuka mzima mzima. Akamtazama Consolatha. Kisha akajifunika khanga usoni, akanyanyuka, akaingia ndani, na tangu siku ile hakumsemesha tena.

Mwanzoni Consolatha alikasirika. Mgogo gani huyo anayenuna kwa utani? Alilisema jambo hilo sokoni, alilisema njiani, na kila aliyeulizwa, Mnyamwezi kwa Mgogo, alimpa haki. Mila ilikuwa upande wake. Lakini haki hiyo haikumpa usingizi. Maji sasa aliyafuata bomba la mbali, akayachota kimya kimya kama mwizi. Halafu akasikia kwamba Gerson, mtoto wa Koleta, angekuja baada ya Pasaka kumhamishia mama yake Bahi, moja kwa moja. Aliposikia hivyo aliketi kwenye ndoo yake iliyofunikwa na hakuona aibu kulia mbele za watu.

Kwaresima ilikuwa imeanza. Octavian, mwenyekiti wa jumuiya, aliwaambia kila mmoja achague mtu wa kumpenda kwa tendo, si kwa maneno, na siku ya sala ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi kila mtu atoe ushuhuda. Consolatha hakuhitaji kufikiri. Kesho yake alipeleka uji kwa Koleta. Bakuli likarudi limefunikwa vilevile, uji haujaguswa. Akapeleka kuni, zikakaa nje ya mlango mpaka mvua ikazilowesha. Akapeleka matobolwa, yale makavu matamu ya viazi vitamu, ambayo Koleta alikuwa akiyaiba kwenye ungo wake kwa utani, yakarudi. Alfajiri moja akajipenyeza akamfagilia ua wote. Jua lilipochomoza, Koleta alitoka na fagio lake akaufagia upya.

"Nimpende vipi sasa?" alimlalamikia Kuluthumu, bibi wa Kiislamu aliyechoma vitumbua barazani kwake na aliyekuwa amewaona wote wawili wakiingia mtaa ule wakiwa wabichi. "Shikamoo yenyewe nimesahau kukupa kwa hasira. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umempa uji?"

"Nimempa."

"Na kuni, na fagio. Mtaa mzima umeona." Kuluthumu aligeuza kitumbua. "Pole umempa?"

"Pole ya nini? Mimi ni mtani wake! Mtani haombi radhi, bibi. Nikiomba radhi, utani ndiyo umekufa. Nitabaki na nini kwake?"

"Kwani sasa hivi umebaki na nini?"

Consolatha aliinama, akaanza kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

"Mama Damas," bibi akamwita kwa jina la mwanawe, sauti imeshuka, "wewe unajua kutoa. Kutoa unakuweza kwa sababu anayetoa anasimama juu. Nenda bila bakuli. Na huo utani wako uuvue mlangoni pamoja na kandambili. Ingia kama jirani."

Maneno yale yalimchoma. Alirudi nyumbani akiyabishia njia nzima.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Consolatha aliweka sufuria jikoni kwa mazoea, akaitazama, akaitoa. Mikono mitupu ilimsumbua. Hakujua aiweke wapi. Akavuka ua, akavua kandambili, akabisha hodi kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua.

Koleta alikuwa amekaa katikati ya mabegi, anakunja mashuka. Koti la reli lilikuwa linaning'inia bado kwenye msumari wake. Aliinua macho mara moja, akarudi kwenye mashuka yake. Consolatha akapiga magoti sakafuni, jambo ambalo Mnyamwezi hamfanyii Mgogo hata kwa dawa.

"Koleta, nilikuumiza," akasema. "Kila mtu aliniambia sina kosa, na mimi nikajificha humo. Wewe ulilia, mimi nikashughulika na nani amecheka. Nisamehe. Sikuja na utani. Sikuja na kitu chochote."

Koleta alilikunja shuka lile lile mara ya pili, halafu akaliacha.

"Unadhani nilichukia kwa kuwa ulimwiga," akasema. "Wagogo tumeigwa sana, hatufi. Consolatha, mimi niligeuka."

"Nilikuona."

"Hukuona. Nilisikia anakohoa nyuma yangu, nikageuka kumwambia anywe maji. Nilikuwa nimetoka kumzika, udongo bado uko kwenye kucha, na nikageuka. Nilifurahi, mwenzangu. Kwa muda ule mdogo nilifurahi kabisa. Halafu nikakuona wewe. Ulinifanya nifiwe na mume mara mbili."

Consolatha hakuwa na uji wa kumpa mtu mwenye maneno kama hayo. Hakuwa na kuni. Alikaa tu sakafuni akalia naye, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta cha kufanya. Ilimuuma kukaa hivyo, na alikaa. Alimpenda mwanamke huyu kuliko ndugu zake wengi, na hakuwahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Mvua ilipopungua, Koleta alijifuta uso kwa shuka lililokunjwa.

"Nyumba hii imekuwa kimya mno," akasema. "Ndiyo maana nakwenda Bahi. Si kwa sababu yako. Ni hiki kimya." Akalitazama koti la reli msumarini. "Kohoa tena."

"Koleta, hapana."

"Kohoa. Nitaangalia ukutani."

Akageukia ukutani kweli. Consolatha alivuta pumzi, akakitafuta kile kikohozi tumboni, nacho kikamtoka kikitetemeka. Mabega ya Koleta yalishuka taratibu.

"Kunywa maji, mzee wangu," akanong'ona.

Kisha Koleta akageuka, macho mekundu, kidevu juu.

"Hapana, umekosea. Yeye alimalizia kwa kujisafisha koo. Wanyamwezi nyie, mizigo ya watu mliweza kubeba, kukohoa tu kunawashinda?"

Consolatha alipiga ukelele wa furaha uliomfikia Kuluthumu barazani kwake, na bibi akatabasamu peke yake juu ya kikaango.

Sala ya mwisho kabla ya Matawi iliangukia nyumbani kwa Koleta. Mabegi yalikuwa yamerudi juu ya kabati. Gerson alikwisha kupigiwa simu na kuambiwa aje kula Pasaka, nauli ya kurudi ajitafutie ya mtu mmoja. Watu walitoa shuhuda zao: mmoja alimtembelea mfungwa, mwingine alipatana na shemeji. Octavian akamgeukia Consolatha, na jumuiya nzima ikajiweka sawa kusikia habari za sufuria na kuni.

"Na wewe, mama yetu? Umefanya tendo gani la upendo?"

Consolatha alitazama mikono yake, iliyolala mapajani bila kazi.

"Mimi," akasema, "nilikohoa tu."

Watu wakatazamana. Wakamsubiri aendelee. Kwenye kona, Koleta alianza kutikisika mabega, akajizuia kwa khanga, akashindwa, akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu Anton aanze kuugua.

"Mpeni maji huyo mpagazi," akasema. "Na hongo leo msimdai."