Pilipili Ndani ya Tende

Mkasa wote uligharimu tende kumi na tatu na pilipili mbuzi moja. Mimi ndiye niliyetunza futari kwenye boti yetu ya mizigo ya Bagamoyo na Unguja, na Ramadhani ile tende zilipungua kila mchana. Nilizihesabu mara mbili. Nahodha alikuwa akitusimanga kwamba kuacha kufunga kwa sababu ya safari ni uvivu.

Nikaitoa kokwa tende moja, nikapachika pilipili. Adhuhuri nahodha akachomoka chumba cha injini, machozi yanamtiririka.

“Moshi huo, mwanangu!”

“Pole, nahodha. Moshi gani huo wa tende, hadi umekuganda ndevuni?”

Leo anataka kutunza sanduku la sadaka msikitini kwetu, na mimi ndiye nimshuhudie uaminifu. Nishaurini, jamani: niseme nini?