Kipima Mvua kwenye Kibanja cha Baba

Kaka yangu aliponikuta nakoroga saruji kwenye kibanja cha baba, hakunisalimia. Alisimama kwenye mgomba wa mwisho, panga mkononi, akaikagua nguzo ya chuma niliyoileta kutoka Bukoba kwa gari la ofisi.

"Unapima mvua au unapima ardhi?"

"Nilikwambia kwenye simu. Mvua."

"Kwenye simu ulisema chombo. Hiki si chombo. Hii ni bikoni."

Kwetu Buganguzi ukitaja bikoni, yaani alama ya mpaka ya wapima ardhi, watu huacha chakula mezani. Baba alipofariki kibanja kilikwenda kwa kaka, kama ilivyo desturi. Mimi niliambiwa na ukoo mzima kwamba elimu niliyopewa inatosha kuwa urithi wangu. Sikubisha, wala sikudai. Lakini kaka alikuwa akinisubiri nidai tangu siku tulipomaliza matanga, na sasa aliniona nimefika, nguo za kazi mwilini na saruji mkononi.

Mama alitoka jikoni. "Mwache afanye kazi yake, waitu, mwanangu. Ni dada yako."

"Ndiyo maana simwachi," alijibu kaka. Lakini aliondoka, na mimi nikamalizia kuisimika nguzo.

Kazi yangu ni kulinganisha mvua inayokadiriwa na setilaiti na ile inayofika chini. Watu wengi wanadhani setilaiti inaiona mvua. Hizi tulizokuwa tunazitumia sisi haziioni. Zinatazama mawingu kutoka juu na kupima ubaridi wa vilele vyake, kwa hesabu kwamba wingu lililopanda juu sana lina baridi kali, na lenye baridi kali ndilo linalonyesha. Kwenye tambarare hesabu hiyo inakubali. Kwenye milima yetu inadanganya. Mawingu yanakuja kutoka ziwani alfajiri, mafupi na mazito, yanagonga mgongo wa mlima, yanapandishwa kidogo, kisha yanamwaga kila kitu kabla hayajarefuka. Ukiyatazama kutoka angani ni mawingu ya uvuguvugu yasiyo na dalili ya mvua.

Kwa hiyo kwenye ramani ya ofisi yetu, mlima niliokulia ulipakwa rangi ya mahali pakavu. Ramani hiyo ilikuwa ikisubiriwa na wahandisi wa barabara, waamue ukubwa wa makalavati ya kupitishia maji chini ya barabara inayoteremka kutoka kwetu. Nilimwambia mkuu wa kitengo kwamba rangi ile ni uongo. Akaniuliza nina ushahidi gani zaidi ya kuzaliwa huko. Ndiyo maana nilihitaji kipima mvua juu ya mlima, na ndiyo maana nilikwenda kwenye kibanja ambacho kila mtu alijua si changu.

Kipima chenyewe hakihitaji mtu wa kukisoma. Mvua inaingia kwenye faneli, inashuka kwenye vibakuli viwili vinavyopokezana, kimoja kikijaa kinapinduka, na kila kinapopinduka hesabu inatumwa kwa laini ya simu. Nilikuwa nakisoma nikiwa nyumbani kwangu Kagondo, mjini Bukoba.

Vuli ilianza. Kipima kikaleta sifuri. Setilaiti nayo ikasema hakuna kitu, labda manyunyu. Mkuu wa kitengo alikuja hadi mezani kwangu akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake.

"Umeona? Mlima wako umekubaliana na setilaiti. Andika hivyo, tufunge ripoti."

Sikuandika. Jioni ile mama alinipigia simu kunieleza habari za shangazi aliyelazwa, na sikusikia hata nusu ya maneno yake kwa kelele za bati.

"Mama, huko inanyesha?"

"Unaniuliza? Tangu juzi. Kahawa yote imeota ukungu."

Nilifungua kompyuta. Sifuri.

Jumamosi nilipanda basi hadi Muleba, kisha pikipiki. Pikipiki ilishindwa na matope kabla ya kilima cha mwisho, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Kipima kilikuwa kimevikwa mfuko wa mbolea na kufungwa kwa kamba ya mgomba, vizuri kabisa, kama mtu anavyofunga zawadi. Ndani ya faneli kulikuwa na majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa na udongo.

Kaka alikuwa sebuleni anakunywa chai. Niliutupa mfuko ule miguuni pake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Hakuweka kikombe chini. "Ulitaka nani?"

"Unajua umefanya nini? Watajenga makalavati ya kupitisha maji ya kuoshea vyombo. Mlima wote utashukia barabarani."

"Mimi najua kwamba kile kitu kinaongea na Bukoba. Kila saa kinawaambia kipo wapi. Kesho mtu anakuja na karatasi anasema hapa kilipo ni pa serikali, au ni pa dada."

"Kinawaambia mvua tu!"

"Basi waje wanyeshewe."

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia hivyo mbele ya mama na mbele ya mke wake, na nilikusudia wasikie. Ndipo alipoweka kikombe chini. Alichukua shoka nyuma ya mlango, akapita karibu yangu bila kunigusa, na kabla sijafika kwenye migomba nilisikia chuma kikilia. Alikuwa anaipiga nguzo kwa kisogo cha shoka. Faneli ilikuwa imeshapasuka. Mama alisimama kwenye mvua akatuita sote wawili kwa majina ya utotoni, kisha akasema, "Tata yenu angekuwa hai msingethubutu."

"Tata ndiye aliyenipa," kaka akasema, akaipiga tena.

Jumatatu nilimwambia mkuu zile sifuri zifutwe, kipima kilikuwa kimezibwa. Alikataa. Alisema takwimu hazifutwi kwa sababu ya ugomvi wa familia. Nikamwambia kwamba nikiona jina langu kwenye ripoti ile nitawaandikia wahandisi mwenyewe na kuwatumia picha ya mfuko wa mbolea. Hatukuongea tena wiki ile, ila ripoti haikutoka.

Kipima cha akiba tulikuwa nacho. Nilichokosa ni mahali. Ng'ambo ya mfereji ulio mpakani mwa kibanja kuna jirani ambaye yeye na kaka hawajasalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya mfereji huohuo. Nilikwenda kwake. Nilianza kumweleza mambo ya mawingu, akanikatiza.

"Kaka yako atakiona akiwa kwake?"

"Atakiona."

Akanipeleka mpaka kwenye kona ya shamba iliyo wazi kuliko zote, akanisaidia kuchimba.

Kipima kile hakikuguswa. Masika nzima kilileta mvua ambayo setilaiti haikuiona hata nusu yake, asubuhi baada ya asubuhi. Nililiweka jedwali la vipimo hivyo mezani kwa mkuu. Alilisoma, akairekebisha ramani, na kwenye kikao na wahandisi akaeleza habari za mawingu mafupi ya ziwani kana kwamba ameyagundua mwenyewe. Nilimwacha. Makalavati makubwa yaliwekwa, na barabara ingali pale.

Kaka aliuambia ukoo kwamba nimeuza siri za kibanja kwa adui. Krismasi nilipokwenda kwa mama baada ya ibada, kaka alihamisha kiti chake nje nilipoingia. Nilimfuata. Nilikuwa nimechoka kuonekana mwizi.

"Barabara isingepitika mwaka huu," nilimwambia. "Ndizi zako zingeozea hapa."

"Sikukuomba."

"Na mimi sijawahi kukuomba kibanja."

Aliendelea kutazama mlima, hakunigeukia.

"Bado," akasema.