Swali Nililotumwa kwa Mjane

Baba alinituma nikaulize swali moja. Nilirudi na jibu bila kuuliza. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na kujitetea ninakuweza sana, mradi iwe kwenye daftari.

Kuongea ndiko kunakonishinda. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, jibu linafika hadi kooni, linakwama hapo kama kidonge kilichomezwa bila maji. Wenzangu wameshazoea. Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu.

Baba ni fundi pikipiki Gerezani. Ana kibanda cha mabati karibu na maduka ya spea, na kutwa nzima anatengeneza bodaboda za watu. Yake mwenyewe hajawahi kuwa nayo. Wateja humtania: "Fundi, tunajua mganga hajigangi, lakini wewe umezidi." Anacheka nao, halafu jioni anarudi nyumbani kwa miguu.

Pikipiki aliyoitaka alikuwa anaijua tangu akiwa kijana anajifunza kazi. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kariakoo, muuza vitambaa, wa ukoo uliotoka Hadhramaut zamani hizo. Ilikuwa nyekundu, taa ya mviringo, kibati cha namba kimeandikwa kwa brashi. Spea zake ziliisha madukani kabla sijazaliwa. Mzee alipofariki, wanawe wawili wakampigia baba simu: korido ya nyumba wanataka iwe stoo ya marobota, kama anaitaka ile pikipiki aje aiangalie.

Tulikwenda Jumamosi. Ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani ya korido, imefunikwa shuka. Baba akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kiganja, akaingiza mkono chini ya tangi kama mtu anayetafuta funguo. Akatulia.

"Hii boliti niliichonga mimi," akasema. "Kwa tupa. Siku mbili."

Mtoto mdogo wa marehemu, ambaye naye ni mtu mzima mwenye ndevu, akacheka. "Fundi, unanunua au unaposa?"

"Vyote viwili."

Sikuwahi kumsikia baba akijibu watu hivyo. Uso wake ulikuwa umefunguka, nikaona jinsi alivyokuwa akiwa kijana. Wakaelewana bei bila hata kuvutana. Ndipo baba akauliza: "Kadi iko wapi?"

Ndugu wawili wakatazamana. Yule mkubwa akasema, "Kadi imepotea, fundi. Tumetafuta kila mahali. Lakini hilo si tatizo. Tunachukua taarifa ya polisi ya kupotelewa, tunakwenda kwa wakili tunaapa, unapewa kadi mpya. Watu wanafanya kila siku."

"Na mama anasemaje?"

"Mama yuko eda."

"Najua yuko eda. Ndiyo maana nauliza."

"Mama hashughuliki na mambo ya vyombo vya moto, fundi. Tutampa taarifa."

Baba akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi mali ya marehemu sinunui kama mjane hajaridhia. Mzee wenu nimekula chumvi yake. Sitaki watu waje kusema nimeokota pikipiki ya mzee mlangoni na mkewe ndani analia."

Hapo ndipo penyewe. Mjane akiwa eda anakaa ndani miezi minne na siku kumi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Baba asingeweza kuvuka pazia la mlango wa chumba chake. Mama yangu alikuwa Kilwa akimuuguza mama yake. Wanaume watatu wakageuka kwa pamoja wakanitazama mimi, mtoto wa kike, niliyekuwa nimesimama karibu na mlango nikijifanya nasoma maandishi ya robota.

"Nenda wewe," baba akasema. "Swali moja tu. Ameridhia pikipiki iuzwe? Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, hapana."

Chumba kilikuwa na kiza. Bibi mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe, mgongo ukutani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa fundi pikipiki. Wa Gerezani."

"Yule mwembamba aliyekuwa akipiga mluzi?"

Sikujua kama baba aliwahi kupiga mluzi. Nikasema ndiyo. Nikampa pole, nikaisema vizuri, kwa sababu pole ina maneno yake na mtu anayasema tu. Akanimiminia juisi ya ukwaju, akanisogezea sahani ya halua. Kisha akasubiri. Mtu mzima anajua mtoto hakuja tu kunywa juisi.

"Baba yuko koridoni," nikasema. "Anaangalia pikipiki."

"Ehe."

Nilitakiwa kuendelea. Maneno yalikuwa machache: bibi, umeridhia iuzwe? Nikamwona alivyokonda mikono, vidole vimebaki mifupa, nikafikiri: mtu kafiwa na mume juzijuzi, mimi nije nimuulize habari za kuuza. Nilijiambia kuwa hiyo ni adabu. Haikuwa adabu. Kilikuwa kile kidonge.

Akajivuta hadi kwenye kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai.

"Shika uione," akasema. "Wanangu wanasema imepotea. Mimi hawajaniuliza."

Ilikuwa kadi ya pikipiki. Jina la mzee, namba ya injini, namba ya chesisi, muhuri uliofifia. Niliishika kwa ncha za vidole. Bibi alikuwa ananitazama usoni, na sasa najua alikuwa ananipa nafasi. Nikamrudishia kadi. Nikasema asante kwa juisi.

Nje, baba alikuwa bado amesimama pale pale.

"Kasemaje?"

Wote watatu walikuwa wananitazama tena. Uso wa baba ulikuwa bado umefunguka.

"Amekubali," nikasema.

Usiku nilijaribu kuandika daftarini, nikaandika tarehe nikaishia hapo. Nikatafuta mfano wa kunisaidia, nikaupata. Dada yangu alipokuwa anaolewa, shangazi aliingia chumbani kumuuliza kama anamkubali bwana harusi. Dada akanyamaza. Shangazi akatoka nje akatangaza kakubali, vigelegele vikapigwa hadi mtaa wa pili. Kimya cha mwanamke ni ridhaa, ndivyo tulivyofundishwa. Na bibi alinyamaza. Mfano ule ulinitosha kama siku mbili hivi. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba dada alikuwa ameulizwa.

Wiki ile baba alisafisha kona moja ya kibanda. Aliondoa matairi mabovu aliyoyarundika miaka, akafagia, akamwaga maji, akapiga sakafu ya saruji. Akanunua plagi mpya na kamba ya klachi. Mafundi wenzake wakaja kumtania: "Unajenga mahali pa mke wa pili?" Akawaambia ndiyo, na wa kwanza ana taarifa. Kila nikimpelekea chakula nilikuwa nakwenda na sentensi yangu tayari kichwani, narudi nayo vilevile pamoja na vyombo.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa wakili, ghorofa ya pili karibu na Mnazi Mmoja. Baba alinichukua kwa sababu alisema anataka niwepo. Ndugu wawili walikuwa wameshafika. Karani alikuwa anachapa, na wakili, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, alikuwa ameweka muhuri wake mezani tayari. Karatasi zilikuwa mbili, mkataba wa kuuziana na hati ya kiapo kuhusu kadi.

"Msome kabla ya kusaini," wakili akasema. "Baadaye nisisikie sikuelewa."

Baba alikuwa ameacha miwani kibandani. Yule ndugu mkubwa akanyoosha mkono ili asome yeye.

"Msomi ninaye," baba akasema, akanipa mimi. "Huyu Kiswahili anapata A."

Nikasoma mkataba. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka, maana kusoma si kuongea. Nikachukua ya pili. Nikasoma kwamba sisi wenye majina yaliyotajwa hapo juu tunaapa na kuthibitisha. Nikasoma kwamba marehemu ndiye aliyekuwa mmiliki. Nikafika: kwamba kadi ya umiliki wa chombo hicho imepotea na haijulikani ilipo, na kwamba warithi wote, akiwemo mjane, wameridhia.

Macho yalifika mwisho, sauti ikasimama kwenye neno "imepotea".

"Endelea," baba akasema.

"Haijapotea."

"Soma kilichoandikwa, binti," wakili akasema.

"Ndiyo. Imeandikwa imepotea. Lakini haijapotea." Nilikuwa naongea na karatasi. "Niliishika. Iko kwa bibi, kwenye kopo la biskuti."

Karani akaacha kuchapa. Yule ndugu mdogo akasema, "Huyu mtoto anaongea nini?" Kaka yake alikuwa mwekundu hadi masikioni, na nilijua kwamba hakuwa anadanganya, hakujua tu, kwa kuwa hakuuliza. Sawasawa na mimi.

Wakili akauvuta muhuri wake polepole, akauingiza kwenye droo. "Kwa kiapo hiki mimi sigongi. Nendeni mkaongee na mama yenu."

"Na karatasi zangu nilizokwisha chapa?" karani akauliza.

Baba alikuwa amenigeukia.

"Si ulisema amekubali?"

"Sikumuuliza."

Sitaandika uso wake ulivyokuwa. Aliwaomba radhi wale ndugu, akamwomba radhi wakili, akamwomba radhi hata karani, nami nikasikia kila radhi ikipita mwilini mwangu. Tukashuka. Tukarudi kupitia Kariakoo, watu wamejaa barabarani, wauza makava ya simu wakipiga kelele kwa spika, baba yuko mbele hatua tatu. Tulipofika Gerezani ndipo alipoongea.

"Wale sikuwaamini," akasema. "Wewe ndiye niliyekuamini. Ningeapa kwa neno lako."

Siku kadhaa aliniongelesha ya lazima tu: chumvi, ufunguo, funga mlango.

Eda ikaisha. Mirathi ikagawanywa mbele ya sheikh wa mtaa. Tulipata habari kwa yule ndugu mdogo, aliyekuja kibandani kuziba pancha na hakuwa na kinyongo. Alisema mama yao alipopewa thumni yake, ile sehemu moja ya nane ya mjane, alimwambia sheikh aihesabu pikipiki humo. Wanawe wakacheka. Yeye hakucheka. Marobota sasa yamepangwa upande mmoja wa korido, pikipiki upande wa pili.

Jioni ile baba akaniita. "Sasa ana kadi na ana pikipiki. Mwenye mali ni mmoja. Nenda kamuulize kama ataniuzia."

"Eda imeisha, baba. Unaweza kwenda mwenyewe."

"Naweza. Lakini swali ni lako."

Nilimkuta bibi uani, amevaa kanga ya njano, anachambua mchele. Nilisema shikamoo, akaitika, na kabla sijakaa, kabla kidonge hakijapanda, nikasema: "Bibi, baba anauliza kama utaridhia kumuuzia pikipiki."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mjukuu wake aliyekuwa anacheza na maji akageuka.

Bibi akanitazama. "Wewe ndiye yule wa siku ile."

"Ndiyo."

"Na siku ile ulitumwa hili hili?"

"Ndiyo, bibi."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Hapana, mwanangu. Siiuzi."

Nikasema sawa, asante. Nilikuwa nageuka kuondoka na jibu langu la kweli, la kwanza, nikakaribia kufurahi. Akaendelea kuongea, macho yakiwa kwenye ungo.

"Siku ile ungeuliza ningekwambia aichukue. Nilikuwa siwezi kuiona. Kila mlango wa korido ukilia nadhani ni yeye anaiingiza. Niliitoa kadi nikakupa mkononi, nikasema huyu mtoto ataniuliza, nami nitasema chukueni, na kadi yake hii. Ukanywa juisi ukaenda." Hakuwa na hasira. "Sasa nimeizoea. Asubuhi naipangusa. Mwambie baba yako asinielewe vibaya."

Nilirudi Gerezani kwa njia ndefu. Nilikuwa na majibu mawili, na nililotumwa ni moja tu. Ningeweza kusema "kakataa" na ingekuwa kweli, na baba angenisifu kwa kuuliza. Nililipima hilo njia nzima, sitaficha.

Baba alikuwa chini, anafunga gurudumu la nyuma la bodaboda, mwenye chombo kasimama juu yake anamharakisha. "Fundi, abiria wangu ananisubiri bwana!"

"Kasemaje?" baba akauliza bila kuinuka.

"Kakataa."

Akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kukaza nati.

"Na siku ile," nikasema, "ningemuuliza, angekupa. Pamoja na kadi. Kaniambia mwenyewe."

Spana ikasimama. Mwenye bodaboda akatazama simu yake. Baba alikuwa ameweka mkono juu ya gurudumu, anatazama ile kona aliyoipiga saruji, ambako wenzake walikuwa wameshaanza kurundika matairi.

"Na kadi," akasema.

"Na kadi."

Akavuta pumzi, akaitoa. Kisha akanisogezea ekseli bila kunitazama. "Nishikie hapa. Ishike kwa nguvu, isicheze."

Nikapiga magoti kwenye grisi, nikiwa na sare yangu ya shule, nikaishika.