Sikio Bichi

Hadi leo, mtu akiniambia "madam, tuaminiane tu," mkono wangu hutafuta kitu cha kurusha.

Mama yangu hufuga kondoo nje kidogo ya Kitengela. Miguu yake ilipoanza kukataa safari za sokoni, nilimwingiza kwenye kundi la mnada wa simu. Unaweka picha ya mnyama, watu wanapandishiana bei hadi jioni, na msimamizi wa kundi anashika pesa za mshindi mpaka mshindi aandike neno moja, Nimepokea, ndipo muuzaji alipwe. Muuzaji akithibitika mwongo hutolewa, na harudi tena. Mama hana simu ya picha, kwa hivyo mle ndani mimi ndiye macho yake. Lakini jina ni lake, na wanunuzi wake karibu wote sasa wanatoka mle.

Dume letu bora, jeupe la kichwa cheusi, lilinunuliwa na mwanamume mmoja mwenye pikapu na viatu vyenye ncha kali. Alikuja, akalipapasa mgongo, akalifungua mdomo kutazama meno, na nilipomwomba athibitishe papo hapo akasema, "Madam, tuaminiane tu," akaondoka nalo akipiga mluzi. Halafu, badala ya neno lile moja, akaandika mbele ya kundi zima: "Huyu mathe ameniuzia mgonjwa. Namrudisha. Msimamizi, nirudishie pesa."

Watu walimrukia mama kama kunguru. Waliowahi kununua kwetu wakanyamaza, na kimya chao ndicho kilichonichoma zaidi.

Mwanamume aliporudi na pikapu yake, niliona nyuma kondoo mnyonge, mwili mweupe na kichwa cheusi, nikajiuliza kama kweli tulimuuzia mgonjwa. Sitamsamehe kwa dakika hiyo aliyonifanya nimshuku mama yangu.

Mama hakutazama mgongo wala meno. Alishika sikio.

Kwetu kila kondoo hukatwa ncha ya sikio la kushoto angali mchanga, ndiyo alama ya boma letu. Jeraha hupona likawa kavu kama ukingo wa ngozi ya kiatu. Hili nalo lilikatwa mahali penyewe, bila shaka kwa kuiga picha niliyoiweka mwenyewe. Lilikuwa limepakwa oili chafu ya gari. Mama akaifuta kwa kidole. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu.

"Hilo ni waya, mathe," mwanamume akasema. "Alijikwaruza kwa gari."

"Waya wako unajua alama yangu?" mama akauliza.

Nilikuwa nimeshaanza kurekodi. Nikaituma kwenye kundi, sikio na oili na viatu vyake. Sauti ya msimamizi ikarudi muda si muda: "Bwana, kondoo halisi wa huyu mama bado uko naye. Andika umepokea, ama tukutangaze kwa kila mnada hapa Kajiado."

Akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka na wewe ucheke. "Haya basi, mathe, yaishe. Sisi ni watu wa biashara. Wacha nimpakie niende."

"Hutampakia hivyo." Mama alikuwa ameingia ndani na kutoka na chupa ya dawa ya vidonda, ile ya zambarau. "Piga magoti umshike."

"Mathe, niko na haraka."

"Ulipomkata ulikuwa na haraka?"

Alinitazama kana kwamba ningemwokoa. Nilimwelekezea simu. Basi akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake nzuri, akamkumbatia shingo yule mnyama asiye na hatia huku kondoo akirusha mateke na mama akinyunyiza bila kuharakisha, mbele na nyuma ya sikio, na kwa vidole vya mwanamume pia. Sikumwonea huruma hata chembe.

Alipoinuka akatoa simu mfukoni. Nilisimama karibu naye, karibu kupita adabu, nikatazama kidole gumba cha zambarau kikitafuta herufi moja moja mpaka lile neno likatokea kwenye kundi.