Mzabibu wa Lorenz pale Koboko

Poni alirudi kwao Koboko, mji wa mpakani Uganda, na vitu vitatu ambavyo ukoo wake haukujua uviweke wapi: mume Mjerumani, kipande cha mzabibu kilichofungwa kwenye gazeti bichi, na tabia ya kunywa kahawa saa kumi jioni bila kusema na mtu. Kahawa walimsamehe upesi. Mume walimzoea, kwa kuwa alikuwa anasalimia kila anayepita, hata mbuzi. Mzabibu ndio uliomfanya Poni aseme uongo.

Siku walipouchimbia shimo, mdogo wake Poni, Haji Yasiri, alikuja kusimama pembeni mikono nyuma. Yasiri anauza mabati na saruji mjini, na ndiye mwenye kauli juu ya shamba hili aliloacha baba yao, mwanajeshi wa zamani. Watoto wa kiume wa nyumba ile walifuata Uislamu wa baba, wa kike wakafuata kanisa la mama. Koboko jambo hilo halimnyimi mtu usingizi. Nyumba kama hiyo inakula Idi, inakula Krismasi, kisha inalalamika kwamba nguo zimebana.

"Dada," Yasiri aliuliza, "hii mti si ndiyo ile inaleta pombe ya wazungu?"

"Hapana, ndugu yangu. Hii ya kivuli tu."

Uongo wenyewe mdogo hivyo. Lakini Poni aliusema akijua kilicho nyuma yake. Mume wake, Lorenz, alizaliwa Kaltenrain, kijiji cha wakulima wa zabibu juu ya mto Mosel, na kile kipande cha mti kilikuwa ndicho pekee kilichobaki cha shamba la babu zake. Walipoamua kuja kuzeekea Koboko, shamba liliuzwa na aliyelinunua akang'oa kila kitu. Yasiri akisema kata, Lorenz angekata, maana ana adabu. Halafu angekaa kwenye kile kiti chake cha plastiki akiutazama ule udongo mtupu, na Poni alijua mwanamume wa aina ile hadumu hivyo. Alikuwa anampenda mno. Basi akadanganya, na kwa maoni yangu hata mimi ningedanganya.

Kwa miaka kadhaa mti wenyewe ulimfichia siri. Ulitambaa juu ya miti waliyousimikia, ukatoa majani mapana, ukatoa kivuli, na zabibu hata moja haukutoa. Lorenz alisubiri. Alikuwa anasubiri baridi! Kwao mzabibu hulala wakati wa theluji, ukiamka unazaa. Mkulima kazi yake ni kupogoa tu na kungoja. Kila Desemba mzee wa watu alitoka asubuhi na sweta, akagusa shina, akakuta ni la moto kama kuta za nyumba, akarudi ndani akitikisa kichwa. Nani aje na theluji Koboko?

Ni Poni aliyemwambia siku moja, akichambua mboga, "Kama baridi haiji kulaza yeye, basi laza wewe. Nyima maji. Mama akitaka kuachisha mtoto ziwa, anangoja baridi?"

Lorenz alilishika neno hilo. Mvua zilipoanza kupungua alichukua mkasi, akaupogoa mti mpaka ukabaki vijiti, akaufungia maji. Majirani walisema mzee amechoka na mti wake. Alipoumwagilia tena, ulichipua kwa hasira, na katikati ya majani yale mapya zikatokea punje za kijani, vishada kwa vishada. Lorenz alimkumbatia mkewe mbele ya watu, jambo ambalo Koboko linazungumzwa mpaka leo.

Poni alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Kivuli sasa kilikuwa na matunda.

Siku hizo alianza kuiota Kaltenrain. Alifika kule akiwa msichana, baada ya vita kuwatawanya watu wa kwao West Nile, baada ya kambi ya wakimbizi, mikononi mwa masista waliompeleka kusomea uuguzi. Walimpangia kazi kwenye nyumba ya wazee ya kijiji. Kitu cha kwanza alichokiona ni kilima. Kimesimama wima, kimejaa vipande vya mawe meusi yaliyo bapa, na mizabibu imepandwa humo kana kwamba mtu aliirusha ikang'ang'ania. Mvua ikinyesha udongo unashuka, na wazee aliowauguza walimsimulia jinsi mama zao walivyoupandisha tena juu, kwa vikapu, migongoni, mwaka baada ya mwaka. Poni aliwaza akina mama wa kwao na mizigo yao, akajua hawa pia ni watu.

Ndipo akaanza kuwasikiliza. Walimwambia kwamba zamani sana kilima kilikuwa cha watawa, na kila mkulima alipeleka fungu la mavuno kwao kabla hajaonja lake. Walimwambia habari ya mdudu mdogo aliyekula mizizi enzi za babu zao mpaka kilima kikabaki uchi, wakaanza upya na mizizi migumu iliyovuka bahari, asiyoiweza mdudu. Siku hizi mdudu hasumbui, lakini vijana wanakwenda mijini, na sehemu za juu zimeliwa na miiba. Walimsimulia haya huku akiwaosha miguu. Wengine walimwita mtoto wao. Wengine walificha pochi anapoingia, tusidanganyane.

Mama yake Lorenz alikuwa wa hao wa pochi. Mwanawe alipomleta muuguzi kutoka Uganda na kusema huyu ndiye, bibi yule alikaa wiki nzima bila kuongea, akikata vitunguu kwa kisu kikubwa. Kisha mavuno yakafika. Kijiji kizima kiko kilimani alfajiri, ukungu umelala mtoni, mikono inanata, migongo inauma, watu wanataniana kutoka mstari hadi mstari. Poni alikata zabibu tangu asubuhi bila kunyoosha mgongo, apate kuonyesha kwamba hakulelewa kwa mayai.

Jioni kikabaki kishada kimoja. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: kishada cha mwisho huachiwa yule aliyeingia nyumbani mwisho. Akizaliwa mtoto, wanamshikia mkono na mkasi. Akija kibarua mpya, ni yeye. Kishada kikishakatwa, huyo ni wa nyumba, na hakuna wa kumuuliza tena katoka wapi. Watu wote walimgeukia bibi. Bibi akapangusa mkasi kwenye aproni, akamwendea Poni, akamwekea mkononi. Poni alikata huku machozi yanamtiririka, na tangu siku hiyo akimtaja yule bibi anasema "mama yangu", na ukimsahihisha atakuchukia.

Sasa turudi Koboko, kwenye mdomo wa Tombe. Tombe ni mfanyabiashara aliyekimbia Sudani Kusini, mtu mwema, ila tumbo lake halihifadhi neno. Alipita, akaona vishada vimeanza kuwa vyeusi, akacheka, "Aa, mzee Lorenz! Mwaka huu sisi nakunywa divai hapa hapa!" Ilikuwa utani. Kabla jua halijazama utani ulikuwa umefika dukani kwa Haji Yasiri, umenenepa njiani: eti Lorenz tayari ana mapipa.

Yasiri alikuja na panga. Hakulipunga, alilishika tu chini, kama mtu atokaye shambani, na hilo lilimtisha Poni zaidi.

"Dada, wewe nalisema hii mti ya kivuli."

"Nilisema."

"Sasa hii iko nini?"

Poni alitazama chini kama msichana aliyevunja chungu, yeye mama mzima mwenye mvi.

"Mimi napenda shemeji," Yasiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko ya hasira. "Lakini hii shamba ya baba. Pombe hapana pikwa hapa. Siku mnavuna, mimi takuja. Nikisikia harufu, nakata mpaka mizizi. Usilie kwa mimi."

Poni alimweleza Lorenz maneno hayo yote. Mzee alisikiliza, akasema tu "Ndiyo," akaenda kuonja punje moja. Kesho yake alisafiri hadi mji wa Arua. Jioni alirudi juu ya pikapu ya watu, amekumbatia mashine aliyochomelewa na fundi wa vyuma: kikapu cha mbao, sahani ya chuma, na skrubu ya jeki ya lori juu yake. Poni aliitambua mara moja. Kule Kaltenrain kila ghala lilikuwa na kikamulio cha namna hiyo, na kinachokamuliwa humo huenda kwenye pipa kuwa divai.

Angemuuliza. Mke wa miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza. Lakini aliogopa jibu, maana Lorenz akisema ndiyo, itambidi yeye achague kati ya mume na ndugu, na hakuwa tayari kumpoteza hata mmoja wao. Alijikaza, akamwandalia chakula. Kitu kimoja tu alifanya. Alikwenda kwa Yasiri, akakaa sebuleni na mkewe Hasifa, akakiri uongo wake, kisha akawasimulia habari ya bibi wa vitunguu na kishada cha mwisho. Hasifa alipangusa macho kwa mtandio. Yasiri alitazama ukutani, akasema amesikia.

Siku ya mavuno Lorenz aligonga rimu kuukuu ya gari iliyoning'inia kwenye mti, kama kengele ya shule. Kwao kengele ya kanisa ndiyo hufungua mavuno. Hakuna anayegusa zabibu kabla haijalia, hata mwenyewe. Majirani walikuja wote, wengine kwa upendo na wengine kwa umbea. Tombe alikuja na kikombe chake, mshenzi huyo. Yasiri alikuja na kanzu safi na panga.

Walikata, wakaosha kwa maji ya kisima. Lorenz akajaza kikamulio, akazungusha jeki, na maji ya zambarau yakaanza kutiririka kwenye beseni. Poni alishika nguzo. Alitafuta pipa, alitafuta dumu, hakuliona. Aliona vikombe tu, safu ya vikombe vya plastiki vya kukodi, vile vya harusi.

"Nyinyi kunywa sasa," Lorenz alitangaza kwa Kiswahili alichofundishwa na mkewe. "Yote. Joto ya hapa, kesho hii iko pombe. Mimi najua hii kitu. Leo iko maji ya matunda. Hapana bakisha!"

Kikombe cha kwanza alimpelekea Yasiri kwa mikono miwili. "Kwetu, zamani, ya kwanza ni ya mwenye shamba."

Yasiri alikileta puani, akanusa bila haraka. Alikitazama kikamulio, alimtazama mzee. Akasema bismillahi, akanywa, akanyoosha tena kikombe. Uani pakawa kelele tupu. Watoto walipata masharubu ya zambarau. Tombe alinywa vikombe vingi, akalalamika kwamba havimlevyi.

Katikati ya vurugu hiyo Poni alimsogelea mumewe. "Na wewe? Maisha yako yote ilikuwa divai. Hutaitamani?"

"Mimi nalikunywa yangu," alisema Lorenz. "Sasa nataka kukaa hapa."

Beseni lilipokauka, watu walianza kuaga. Ndipo Hasifa akaonyesha juu: kishada kimoja kilikuwa kimebaki. Wengi walidhani kimesahauliwa. Lorenz alichukua mkasi, akaupangusa kwenye shati, akamwendea Yasiri, akaunyoosha. Alikuwa anamtunukia mwenye shamba heshima kubwa kuliko zote anazozijua.

Yasiri hakuupokea. Aliegemeza panga lake ukutani.

"Hapana, shemeji. Dada naliniambia hii habari yote. Hii kishada si ya mwenye shamba." Akamshika mzee bega, akamgeuza taratibu mpaka akaelekea mti wake. "Ni ya mutu aliingia nyumbani mwisho. Kwa hii nyumba ya baba yetu, nani naliingia mwisho?"

Lorenz alimtafuta Poni kwa macho, na Poni alikuwa analia waziwazi, kama alivyolia kilimani siku ile.

"Kata," Yasiri alimwambia. "Kata, tuende kula."

Mzee akakata.