Shilingi ya Simba Juu ya Moto Wangu

Mdogo wangu Zebedayo ni fundi saa pale Same, karibu na soko. Watu wakiokota sarafu ya zamani humpelekea aitazame, wanamwita Mzee wa Sarafu. Mimi namwita Zebe, kwa sababu nilimbeba mgongoni. Alizaliwa huku juu Mamba, milimani Upare, kwenye ukungu na tangawizi, na huku ndiko kwao, hata akikaa na jua la Same mpaka ngozi ikauke.

Alishuka kwa ajili ya kopo la baba. Baba alimwachia hela za Mjerumani, senti kumi za Mwingereza zenye tundu, na shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Zebe alizipenda hata hakukumbuka kuoa. Masika moja akafungua kopo, akakuta senti zimeota kutu ya kijani. Mtu mzima yule alilia. Akasema ukungu wa Mamba utazila zote, Same ni kukavu, anakwenda kuziponya halafu atarudi.

Basi. Ameziponya mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Krismasi anakuja, anakula kande, anashuka. Chumba chake nakifagia. Jioni gari likipanda kona ya kanisa natega sikio. Likipita, nasema haya, nageukia chungu changu.

Mwaka huu, kabla ya vuli, nilishuka mwenyewe. Nilibeba senti kumi yangu, ile aliyonivalisha mama shingoni nikiwa mtoto. Ilikaa miaka yote darini, juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi. Kwetu kitu cha thamani kinawekwa penye moshi.

Nikamkuta kainama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Muhidin, muuza vitambaa wa mlango wa pili, alikuwa amemletea shilingi inayometa kama kijiko kipya.

"Umeisugua," Zebe akamwambia.

"Kwa majivu na ndimu, mzee. Si imependeza?"

"Umemnyoa simba manyoya, Muhidin. Sasa ni mbuzi."

"Basi nitamchinja Idi."

Wakacheka. Ndipo Zebe akaniona mlangoni.

"Shikamoo, dada! Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuletea mgonjwa umpime."

Nikaweka senti yangu mezani, nyeusi kama kitako cha sufuria. Hakuigusa uso. Aliishika ukingoni kwa ncha za vidole, maana anasema jasho la mkono ni sumu ya sarafu, akaigeuza kwenye mwanga. Pembe za ndovu zilizochorwa kuzunguka tundu zilikuwa bado kali. Akatazama mpaka nikachoka kusimama, nikajikalia kigodani.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Darini."

"Darini kwetu? Mamba?"

"Kwani nina dari nyingine?"

Akatoa kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha. "Moshi umeiharibu rangi, dada, sikudanganyi. Lakini kutu hakuna. Hata chembe."

"Kumbe ukungu hauli kila kitu. Rudi nyumbani, Zebe."

Aliangalia nje, ambako milima yetu inaonekana juu ya mabati, na nikajua kwamba kila siku anaiangalia hivyo hivyo.

"Mzee, kesi umeshindwa," Muhidin akasema. "Labda ukate rufaa."

Na Zebe akakata kweli, si Mpare, na Mpare hakubali kushindwa kesi! "Shahidi mmoja hatoshi," akasema. Akafungua kopo, akamtoa simba wa baba, anayempenda kuliko wote. Akamfunga katika karatasi kavu, akamtia kwenye kikasha cha bati ili joto limfikie lakini masizi yasimpake.

"Mpeleke huyu. Ana shaba nyingi ndani, ndiye anayewahi kuugua. Asisuguliwe, asichanganywe na wenzake. Vuli ikiisha nitapanda nimtazame. Akiwa mzima, nahama na kopo lote."

Nilimpakata kwenye gari mpaka Mamba, nikampandisha darini.

Sasa mvua imefika, na ukungu unaingia mlangoni bila hodi. Binti yangu Careen ameniletea jiko la gesi, zuri, la buluu.

"Mama, moshi utakumaliza macho."

"Gesi haikaushi dari," nikamwambia. Nimeliweka pembeni, kuku analala juu yake.

Jumapili nikitoka kanisani nafuta mikono, napanda ngazi, nafungua karatasi. Namshika simba ukingoni, kama Zebe anavyoshika sarafu. Macho yangu hayaoni vizuri, ila kijani ningekijua. Mpaka leo hakuna. Milima iliyo nyuma yake nayo bado ipo, imesimama vilevile.

Nikishuka naongeza kuni. Usiku pia naamka kuchochea. Godoro la Zebe nalianika kila jua likitoka, na kama akija kutaka shahidi wa tatu, kuni ninazo za kutosha.